Sauti Iliyobaki Kwenye Ngoma

Kila jioni, baada ya ugali na kabla ya taarifa ya habari, Fidel huchomeka spika ukutani ili mke wake aongee. Kwanza hupangusa diski yenye nyimbo kwa ncha ya shati, huiunganisha na kompyuta kuukuu, kisha huchagua wimbo. Lornah hukaa kwenye kochi, sahani zikiwa bado mezani. Ngoma zikianza hufungua mdomo, na sauti yake hutoka kwenye spika.

Wanaishi mtaa wa Jamhuri, Nairobi, ghorofa ya pili, na majirani wamezoea. Mama wa nyumba ya chini husema afadhali ngoma hizo kuliko wale wa juu wanaoburuta viti. Fidel akiweka wimbo wa mbio, Lornah hutoa habari za siku nzima bila kuvuta pumzi: gesi inaelekea kuisha, bomba linavuja, dada yake amejifungua. Lakini Fidel hupenda zaidi ule wa polepole, kwa sababu kwa wimbo wa polepole mtu hawezi kugomba. Neno likifika mwisho, hasira imeshapoa. Tokeni za stima zikiisha, Lornah hukatika katikati ya sentensi, na Fidel hana haraka ya kununua nyingine ikiwa sentensi yenyewe ilikuwa inamhusu yeye.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: hajawahi kumpiga. Akichoka kumsikia, huzima tu.

Jambo hili lilianzia kwenye bendi. Bendi iliitwa Geti Nyeusi. Ukiuliza njia popote Nairobi utaambiwa utafute geti nyeusi, na Kibe, mpiga gitaa na mwenye bendi, aliona jina hilo lina falsafa. Walipiga roki kwa Kiingereza, kwa mashabiki ambao hawakuwa wengi lakini walijuana wote. Kibe alitunga. Mungai alipiga besi, na ndiye aliyejua kurekodi. Fidel alipiga ngoma, na wakati huo hakuna aliyempita mjini. Hilo hata waliomchukia walilikubali. Lornah aliimba. Albamu yao ya pekee, Maji ya Jumanne, waliirekodi mtaa wa Woodley, katika nyumba ya kanjo, yaani ya baraza la jiji, aliyokuwa akiishi nyanya yake Kibe, ambako maji yalikuja Jumanne peke yake. Ukisikiliza vizuri wimbo wa tatu utasikia tangi likijaa.

Nyumba ilikuwa ndogo, kwa hiyo walirekodi kwa utaratibu wa watu wasio na nafasi. Kwanza mwimbaji huimba sauti ya kuongozea, isiyo na mapambo, ili mpiga ngoma ajue amefika wapi katika wimbo. Ngoma zikishapatikana, sauti ile hufutwa, na mwimbaji huimba upya peke yake, kwa makini. Lornah aliimba za kuongozea akiwa amesimama karibu na mlango wa jikoni, kiwiko chake kikikaribia kugusa ngoma za Fidel. Aliziimba kama mtu anayejua ataimba tena.

Hakuimba tena. Kibe alipeleka nyimbo mbili kwa marafiki zake wa Kilimani, mtaa wa wenye nazo, wakazisikiliza ndani ya gari lililoegeshwa, na mmoja akasema huyo dada anashrub. Hilo tu. Kiingereza cha Lornah kilitoka na matamshi ya kwao Vihiga, na Kibe, ambaye mwenyewe akikasirika r na l hubadilishana viti mdomoni mwake, alishikwa na aibu ambayo hajapona mpaka leo. Nyani haoni kundule. Wiki hiyo hiyo akamleta Cate, msichana wa Kilimani aliyejifunza Kiingereza chake kwenye televisheni, na ambaye hakuwa na ubaya na mtu.

Mungai alifuta sauti ya Lornah siku ya Jumanne. Lornah alikuwa jikoni akipikia wote chai, huku akiongea na jirani kupitia dirishani. Wimbo wa kwanza ulipofutwa, alipoteza noti za juu. Nyimbo zilipofika nusu, jirani alimwomba arudie alilosema, hasikii vizuri. Ulipofutwa wa mwisho alikuwa anamwambia kwamba maji yameanza kuja, na hakumaliza. Jirani alikwenda kutafuta ndoo hata hivyo.

Alipoingia na trei, Kibe alimweleza uamuzi wa bendi kwa upole, kwa maneno mazuri ambayo ilionekana ameyafanyia mazoezi. Kisha akamuuliza kama ana neno la kusema. Lornah alifungua mdomo, akaufunga, akaufungua tena.

"Sawa basi," Kibe alisema. "Nashukuru sana vile umeichukua."

Wakanywa chai. Kwa muda mrefu baadaye walidhani amenuna.

Lakini sauti haikuwa imekwisha yote. Chumba kilikuwa kidogo, na maikrofoni zilizotegwa kunasa ngoma zilikuwa zimemnasa Lornah pia. Mungai alifuta ile iliyoingia kwenye maikrofoni ya Lornah. Ile iliyopenya kwenye ngoma ilibaki nyuma ya kila pigo, na hapakuwa na namna ya kuitoa bila kuzitoa ngoma zenyewe. Cate aliimba juu yake vizuri sana. Kila wimbo ukawa na wanawake wawili: mmoja mbele, mwenye Kiingereza kilichonyooka, na mwingine nyuma, akimtangulia kidogo, akishrub. Kurekodi ngoma upya hakukuwezekana, maana Fidel alianguka na bodaboda pale Ngong Road, na kifundo cha mkono wake wa kulia hakikurudi kama zamani. Hajapiga tena mpaka leo. Anauza vigae katika duka la vifaa vya ujenzi. Albamu ikaingia kwenye diski, diski akapewa Fidel aitunze, na bendi ikakubaliana kwamba hakuna atakayenakili hata wimbo mmoja, isije ikavuja.

Lornah alikwenda kwa Fidel kuchukua chupa yake ya chai. Fidel, mkono ukiwa kwenye plasta, alikuwa anasikiliza ngoma zake, kama alivyofanya kila siku.

"Fidel, thermos yangu uliweka wapi?" spika iliuliza.

Alimwonyesha, ilikuwa juu ya kabati. Ndipo wote wawili wakaelewa hali ilivyo. Muda si muda Lornah alihamia kwake, kwa sababu sauti yake ilikuwa kwake, na watu wamewahi kuoana kwa sababu mbaya zaidi. Siku ya harusi mchungaji aliruhusu spika iwekwe karibu na madhabahu. Fidel alichagua wimbo wa polepole, na "nakubali" ya Lornah iliangukia kwenye pigo sawasawa. Waumini walisema imependeza.

Tangu hapo Lornah ameomba kitu kimoja. Anauza mapazia ya mitumba katika soko la Toi, na wateja wakimuuliza jambo huonyesha kwa vidole, wengine wakaondoka wakidhani anaringa. Mama yake, huko Mbale, Vihiga, humpigia simu mchana na kuongea peke yake, akimsimulia kuhusu ng'ombe na maumivu ya goti, na kila mara humaliza kwa kuuliza, "Lornah, uko?" Kumjibu inabidi angoje jioni Fidel atoke kazini, achomeke spika. Na kuna mambo ambayo binti hawezi kumwambia mama yake mume akiwa ameshika swichi. Kwa hiyo Lornah aliomba awekewe wimbo mmoja tu kwenye simu yake, hata ule mbaya. Fidel alikataa. Alikuwa ameiahidi bendi, na yeye ni mtu wa kushika neno lake.

Zaidi ya miaka kumi ikapita hivyo. Kisha Kibe akapiga simu. Kulikuwa na dada mmoja, Wanjugu, mwenye kipindi cha mtandaoni kuhusu albamu ambazo hazikuwahi kutoka, na alitaka kuwakutanisha wakumbuke Maji ya Jumanne. Tena kampuni moja ndogo ya ng'ambo ilikuwa tayari kuitoa.

Jioni hiyo Lornah alionyesha kwa kidole wimbo wa mbio, na Fidel, kwa kuwa alikuwa na furaha, alimwekea.

"Waitoe vile iko," Lornah alisema. "Mimi nitaiweka kwa simu kama mtu mwingine yeyote. Niongee na wateja. Nimpigie mama saa yenye nataka. Fidel, utawaambia waitoe vile iko?"

"Tutaona," Fidel alisema. Lornah alilala akitabasamu, kwa sababu Fidel alikuwa hajasema hapana.

Walikutana Jumamosi mchana Kilimani, ghorofa ya juu ya jengo la baba yake Kibe, mahali Kibe alipotengeneza studio yenye mazulia ukutani na mashine ya kahawa. Mungai, ambaye sasa yuko kwenye mambo ya bima, alikuja na kompyuta yake. Cate alikuja na keki. Wanjugu aliwapangia maikrofoni, moja kwa kila mtu, na kwa kuwa hazikutosha, Lornah alikaa kando karibu na spika. Wakakumbuka. Walicheka kuhusu paka aliyezaa ndani ya ngoma kubwa, na kuhusu siku polisi walipokuja kwa sababu ya kelele wakaishia kuomba wimbo. Kibe alisema ile ilikuwa albamu ya watu wasiojua kuogopa. Yalikuwa mazungumzo matamu, na ukiyasikiliza leo utawapenda.

Kisha Mungai akachomeka diski aliyoileta Fidel, akacheza ngoma za wimbo wa mbio zikiwa peke yake, ili Wanjugu asikie tatizo lilikuwa nini. Lornah aliinuka.

"Naomba muitoe vile iko," alisema kupitia spika. "Si lazima mniandike jina. Cate abaki mbele, mimi sina neno na Cate. Ikishatoka nitakuwa nayo kwa simu, nitaongea. Ni hiyo tu. Mamangu anazeeka, Kibe, na miaka hii yote hajanisikia bila mtu kunichomekea. Mmenisikia?"

"Tumekuskia," Kibe alisema, bila ukali. "Lornah, si ati hatukuskii. Tunakuskia. Hiyo ndio shida."

Cate alimpa Lornah peremende za koo kutoka kwenye mkoba wake.

Mungai akaeleza kwamba siku hizi kuna programu. Unaipa ngoma jinsi zilivyo, inakurudishia ngoma peke yake, na mengine yote inayaweka kando kwenye faili la pili. Zamani haikuwepo, sasa ipo, na haichukui muda hata wa kunywa kahawa. Kibe akasema basi wapige kura. Geti Nyeusi iliamua mambo kwa kura tangu mwanzo, na sheria ilikuwa kwamba anayepiga kura ni mwenye faili kwenye albamu. Kibe alizitaja: gitaa, besi, ngoma, sauti. Sauti ilikuwa ya Cate. Lornah alinyoosha mkono, na Kibe akamweleza kwa subira kwamba faili lake lilifutwa, anakumbuka.

Kibe alipiga kura ngoma zisafishwe. Cate pia.

"Mimi niko na jina sasa," Cate alisema. "Siwezi sikika na mtu mwingine huko nyuma. Pole, dear."

Mungai alipiga kura ya hapana. Hakutoa sababu, na hakumtazama Lornah. Ikabaki kura ya Fidel. Akikataa wangelingana, na albamu ingerudi kabatini kama siku zote, na Lornah angerudi Jamhuri na jioni zake. Lornah alimtazama mumewe. Ngoma zilikuwa bado zinacheza.

"Fidel," alisema. Ule ulikuwa wimbo wa mbio, lakini alilisema polepole.

"Wacha kwanza niskie," Fidel akamwambia Mungai.

Mungai alisafisha wimbo mmoja, akaucheza. Snea, ile ngoma ndogo yenye mlio mkali, ilitoka kavu, karibu, kila kijiti kikisikika kinapotua. Hapakuwa na tangi, wala jiko, wala mtu. Kulikuwa na mkono wa kulia wa kijana wa miaka ishirini na minne ambaye hakuna aliyempita mjini. Fidel alisikiliza akiwa amekishika kifundo chake kilichopinda, na machozi yakamtoka mbele ya watu wote, akayaacha yatoke.

"Huyo ni mimi," alisema. "Aki huyo ni mimi."

Akapiga kura ya ndiyo kwa mkono wa kushoto.

Nyimbo zote zilisafishwa, na ngoma safi zikahifadhiwa kwenye diski mahali pa zile za zamani. Zilipokwisha, lilibaki lile faili la pili, ambalo programu ililiita "mengine", na Mungai, kwa mazoea ya kazi, alilicheza ahakikishe liko sawa. Walisikia maji yakiingia tangini. Walisikia kijiko kikianguka. Kisha wakamsikia Lornah, bila ngoma hata moja, kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya chai, na ilikuwa sauti nzuri kupita walivyokumbuka, yenye ukwaruzo kidogo chini.

"Nipeni hiyo," ilisema. "Hiyo nyinyi hamuitaji. Nipeni niende nayo."

Ilikuwa kweli kabisa. Hakuna aliyekuwa na haja nayo. Wanjugu alitazama mashine yake akaona sauti inaingia vizuri. Mungai alimtazama Kibe.

Kibe alifikiri kwa haki, kama anavyopenda kujiona. Akasema ingekuwa rahisi kumpa, lakini vitu huvuja. Ikivuja, watu wa mtandaoni watajua kulikuwa na mwimbaji mwingine, watauliza kwa nini aliondolewa, na wakijua ni kwa sababu ya matamshi watawatukana wote, hasa Cate, ambaye hakufanya kosa lolote. Lazima kuwe na albamu moja. "Ni kulinda kila mtu," alisema. "Hata wewe, Lornah."

Lornah alichomoa diski, akaikumbatia kifuani. Spika ikanyamaza. Kibe alimweleza kwamba kwa kuichomoa amejinyamazisha mwenyewe, na kama alikuwa na hoja zaidi sasa hawawezi kuzisikia. Akabaki amesimama, mgongo kwenye zulia la ukutani, mdomo ukienda. Walingoja achoke. Hakuchoka, na kahawa ilikuwa inapoa.

"Lornah, leta," Fidel alisema.

Alitikisa kichwa. Fidel alimwendea, akaanza kumbandua vidole kimoja kimoja. Mkono wa kulia haukuwa na nguvu ya kutosha, kwa hiyo Cate aliweka keki chini akaja kumsaidia, akisema pole, pole sana, aki pole, mpaka diski ikatoka. Kikulacho ki nguoni mwako, lakini ni mara chache kinapewa msaidizi. Mungai aliyekuwa amepiga kura ya hapana aliipokea, akaichomeka, akafuta. Kufuta ilikuwa kazi yake.

Walimkatia Lornah kipande cha keki. Aliondoka nacho mkononi, kimefungwa kwenye tishu, na Fidel akaita gari.

Kipindi cha Wanjugu kilisikilizwa na watu wengi. Sehemu aliyoongea Lornah aliikata, akisema ilikuwa na ngoma nyingi mno na haikuweza kueleweka. Albamu ilizinduliwa Jumapili alasiri katikati ya jiji, juu ya paa la jengo linalotazamana na bustani ya Jeevanjee, na vijana waliokuwa shule ya msingi ilipokuwa ikirekodiwa walijaa mpaka kwenye ngazi. Walisema ngoma ndizo roho ya albamu. Mwandishi mmoja aliandika hivyo pia. Mwishoni majina yalipita kwenye skrini, na chini kabisa, baada ya fundi wa taa, waliandika: shukrani kwa Lornah, kwa chai. Watu walipiga makofi, na Fidel alimwinua mkewe kwa kumshika kiwiko ili aonekane.

Siku iliyofuata Lornah aliiweka albamu kwenye simu yake, kama mtu mwingine yeyote. Huko Toi mwanamke mmoja alimuuliza kama lile pazia la maua lina pacha wake. Lornah alibonyeza wimbo wa mbio, akafungua mdomo. Cate akaimba. Mteja alisikiliza kidogo, akasema wimbo ni mtamu, akaenda zake.

Jioni walikula ugali. Fidel alipangusa diski kwa ncha ya shati, akachomeka spika, akachagua wimbo wa polepole. Simu ya Lornah ikalia. Alikuwa mama yake. Fidel aliipokea, akaweka sauti ya nje, akaisogeza karibu na mkewe, kama alivyofanya siku zote. Ngoma zilianza. Lornah alifungua mdomo.

"Lornah?" mama aliuliza kutoka Mbale. "Fidel, mwanangu, mbona huyu hasemi?"

Fidel alimtazama mkewe, ambaye midomo yake ilikuwa inaenda na machozi yakiingia humo humo, na kwa kitambo alionekana kama mtu anayejaribu kukumbuka kitu. Kisha snea ikaingia, kavu, karibu, kila kijiti mahali pake. Akaichukua simu kutoka mbele ya Lornah, akaishikilia kwenye spika.

"Skiza hapo, mama," alisema. "Hapo ni mimi napiga."

Mama mkwe alisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu, akisubiri mtoto wake aanze.